Kuandikisha anwani nyeti kwenye rejista za njia: maswali tunayoulizwa kila mara

Ukurasa huu ni wa fundi mwenye namba yake ya AS (inayoutambulisha mtandao wake mbele ya mingine) na ruta inayozungumza BGP, lugha ya kupashana njia, na mitandao mingine: mtoa huduma mdogo wa mkoani, chuo kikuu, benki, au anayetunza kituo cha kubadilishana trafiki. Maswali nimeyapanga jinsi yanavyonijia, sikufuata ngazi za somo. Kama una haraka, nenda moja kwa moja kwenye lile la orodha zinazoandikwa kwa mkono, halafu urudi kazini.

Anwani “nyeti” ni zipi? Si kila mtu anaona zake ndizo nyeti?

Kweli, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini yapo mafungu machache ya anwani ambayo yakipotea njia, hasara haiishii kwa mwenyewe. La kwanza ni la seva za mzizi wa DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: majina 13, kuanzia A mpaka M, yanayoendeshwa na taasisi 12. Zinafuata seva za vikoa vya nchi, kama .tz ya Tanzania na .ke iliyo chini ya KeNIC. Kisha kuna anwani za mtandao wa pamoja ndani ya vituo vya kubadilishana trafiki, mfano TIX ya Dar es Salaam na KIXP ya Nairobi. Mimi huongeza kundi la nne ambalo wengine hawalitaji: seva za DNS za taasisi zinazoshika fedha za watu, yaani mabenki, huduma za pesa kwa simu na mamlaka za kodi.

Ukubwa hauna uzito hapa. Seva ya mzizi K inakaa ndani ya 193.0.14.0/24, fungu la anwani 256 (kadiri namba baada ya mkwaju inavyokuwa kubwa, ndivyo fungu linavyokuwa dogo), na inayofanya kazi ya kujibu dunia ni moja tu: 193.0.14.129.

Kwani BGP yenyewe haijui nani mwenye anwani?

Haijui hata kidogo. Jirani akikuambia “fungu hili liko kwangu”, ruta yako inamwamini na kuwapasha majirani wengine. Ikisikia madai mawili, inafuata fungu lililo dogo zaidi, hata kama anayelitangaza hana haki nalo.

Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan iliamua kuifungia YouTube ndani ya nchi. Pakistan Telecom ikaielekeza 208.65.153.0/24 shimoni kwenye mtandao wake, lakini tangazo likaponyoka likatoka nje. Mtoa huduma wake wa juu, PCCW ya Hong Kong, alilipokea bila kuuliza na kulisambaza. YouTube ilikuwa inatangaza 208.65.152.0/22, fungu kubwa kuliko lile, basi trafiki ya dunia nzima ikageuza shingo kuelekea Pakistan. Ilichukua kama saa mbili kurudi sawa.

Kama PCCW ingekuwa na orodha ya mafungu ambayo mteja wake anaruhusiwa kutangaza, tangazo lile lingeishia mlangoni. Swali ni orodha hiyo utaitoa wapi. Hutaitoa kwa mteja kwa njia ya WhatsApp, ingawa nimeona watu wakifanya hivyo.

Rejista ya njia ni nini, na iko wapi?

Ni daftari la wazi ambamo mwenye anwani anaandika: fungu langu ni hili, na AS inayoruhusiwa kulitangaza ni hii. Mtu yeyote anaweza kulisoma bila nywila, kwa amri ya whois. Tatizo ni kwamba daftari si moja. RADB, ambayo inaendeshwa na Merit Network huko Michigan, ilianza katikati ya miaka ya 1990 na bado inatumika sana. Unailipia kila mwaka. Mashirika yanayogawa anwani kwa kanda nayo yana yake: RIPE NCC ya Amsterdam ina lake, ARIN ya Amerika ya Kaskazini lake, APNIC ya Asia na Pasifiki lake. AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius, ina lake kwa ajili ya Afrika, na kwa mwanachama halina malipo ya ziada.

Lugha ya kuandikia inaitwa RPSL. Sarufi yake iliwekwa kwenye RFC 2622, mmoja wa nyaraka za viwango vya intaneti, mwaka 1999, na imezeeka vizuri kuliko vifaa vingi tulivyonunua mwaka jana.

Rekodi yenyewe inaonekanaje?

Fupi kuliko risiti ya duka. Hapa nimetumia anwani na AS zilizotengwa kwa mifano:

route: 192.0.2.0/24
origin: AS64496
descr: Seva za DNS, makao makuu
mnt-by: MFANO-MNT
source: AFRINIC

Mistari miwili ya juu ndiyo inayosomwa na vichujio. Mstari wa mnt-by unaeleza nani ana ufunguo wa kubadilisha rekodi, na ndio unaosahaulika mpaka siku ambayo fundi aliyeweka nywila ameshahamia kampuni nyingine na barua pepe yake imefungwa. Kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani, unaandika rekodi ya pili, inayoanza na route6. Wengi wanaishia ya kwanza. Seva ya mzizi K ina anwani ya IPv6 pia, kama wenzake wote 12, na zako za DNS nazo ziwe nazo.

Andika fungu jinsi unavyolitangaza. Nilishawahi kuandikisha /22 nzima, nikajiona nimemaliza, halafu Ijumaa jioni nikaigawa na kuanza kutangaza /24 nne ili kupima uzito wa trafiki kati ya nyaya mbili. Kichujio cha mtoa huduma wa juu kilikuwa cha kulinganisha sawasawa. Kiliangalia daftari, hakikuona /24 yoyote, kikazitupa zote. Mimi nikashinda usiku nikilaumu nyaya za baharini.

Nikishaandikisha, basi njia yangu imelindwa?

Hapana. Umeweka tangazo kwenye ubao wa matangazo. Bado hakuna anayelazimika kulisoma. Ulinzi unaanza pale mtoa huduma wako wa juu, na majirani wa majirani zake, wanapotengeneza vichujio kutokana na daftari lile.

Tarehe 12 Novemba 2018 MainOne ya Nigeria ilikuwa inaboresha mtandao wake, ikakosea kwenye vichujio vyake vya BGP. Njia za Google, mafungu 212, zikatoka Lagos kwenda China Telecom, nayo ikazisambaza mbele. Kwa dakika 74 trafiki ya Google kutoka sehemu mbalimbali za dunia ilizunguka China. Anwani za Google hazikuwa na kosa. MainOne ilikosea kwa bahati mbaya na ikakiri mapema, jambo ambalo nalipa heshima. Ila swali linabaki kwa aliyepokea: mtoa huduma wa Nigeria anakuletea mamia ya njia za Google, na hakuna kitu upande wako kinachoshtuka?

Basi kazi ni mbili. Andika zako, na chuja za wengine. Wanaofanya ya kwanza tu ni wengi.

Anwani za seva za mzizi zinajulikana. Kwa nini nisiziandike tu kwa mkono kwenye ruta, nikamaliza?

Hili ndilo swali nililotaka uulize.

Wazo lenyewe lina historia ya heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ruta nyingi zilikuwa zinaadhibu njia inayowaka na kuzimika, kwa kuificha kwa muda. Mafundi wa Ulaya, kupitia nyaraka za RIPE, wakaona hatari: njia ya seva ya mzizi ikiyumba kidogo, nusu ya mtandao itaiadhibu na watu watakosa majina. Wakachapisha orodha ya mitandao iliyoitwa ya dhahabu, isiyopaswa kuadhibiwa. Watu wakainakili, wakaibandika kwenye ruta, wakaisahau. Mwaka 2006 RIPE ikageuka na kushauri adhabu yenyewe iachwe kabisa, lakini orodha zilibaki kwenye ruta kama kalenda ya mwaka wa zamani ukutani.

Na anwani hazikukaa kimya. Seva L ilihama Novemba 2007, kutoka 198.32.64.12 kwenda 199.7.83.42. D ilihama Januari 2013. H ilihama Desemba 2015. B imehama mara mbili katika miaka michache: mwaka 2017 ilikwenda 199.9.14.201, na Novemba 2023 ikaja 170.247.170.2, fungu lililotoka LACNIC ya Amerika ya Kusini. Aliyeandika orodha kwa mkono mwaka 2005 anazilinda nyumba ambazo wenyewe wameshahama.

Kisa cha L ndicho kinachonikosesha usingizi. ICANN, inayoiendesha L, ilipoacha kutumia anwani ya zamani Mei 2008, fungu lile halikunyamaza. Mitandao mingine iliendelea kulitangaza, na nyuma yake kulikuwa na seva zinazojibu maswali ya mzizi. Kadiri ilivyojulikana, majibu yalikuwa sahihi. Lakini waliokuwa wakijibu hawakuwa ICANN, na ruta zilizokuwa na anwani ile kwenye orodha ya dhahabu zilikuwa zinampa upendeleo mgeni asiyealikwa.

Upande wa pili wa shilingi ni orodha za kukataza. 69.0.0.0/8 ilipokabidhiwa kwa ARIN mwaka 2002, waliopewa anwani humo waligundua kuwa sehemu za intaneti hazifikiki, kwa sababu mafundi walikuwa wameshaandika kwa mkono kwamba fungu hilo halijagawiwa, hivyo lizuiwe. Kila fungu jipya lililofuata lilikutana na milango hiyo hiyo. Sisi Afrika tulipewa 41.0.0.0/8 mwaka 2005 na 102.0.0.0/8 mwaka 2011, na mwenye kukaa humo ana hadithi zake.

Kwa hiyo jibu langu: usiandike anwani kwa mkono. Andika sheria inayokwenda kusoma daftari kila siku, na acha mwenye anwani abebe jukumu la kuliweka sawa daftari lake. Seva ya mzizi ikihama kesho, kichujio chako kitahama nayo wakati wewe umelala.

Rekodi zangu ziko RIPE tangu enzi zile. Zinatosha?

Zamani AFRINIC haikuwa na daftari la njia, basi tulikuwa tunaandika kwa RIPE. Palikuwa na ufunguo wa wote, nywila iliyojulikana na kila mtu, ya kuandikishia mafungu yaliyo nje ya eneo la RIPE. Maana yake mtu yeyote aliweza kuandikisha fungu lako kwa AS yake, na mlaghai hakuhitaji hata kudukua kitu.

Septemba 2018 RIPE iliufunga mlango huo. Rekodi zote za nje ya eneo lake zilihamishiwa kwenye pipa linaloitwa RIPE-NONAUTH; mpya haziingii. ARIN nayo ilikuwa na la kwake la namna hiyo, ikalifuta kabisa Aprili 2022. Kwa hiyo kama rekodi yako ina mstari “source: RIPE-NONAUTH” na anwani zako zimetoka AFRINIC, andika mpya AFRINIC leo, hakikisha inaonekana, kisha omba ile ya zamani ifutwe. Usianze kwa kufuta: utakata tawi ulilokalia.

Basi RADB au AFRINIC?

AFRINIC. Kule anayeandika fungu lazima awe ndiye aliyepewa, au aliyeruhusiwa na aliyepewa. RADB kwa miaka mingi ilipokea rekodi ya yeyote aliyelipa ada, bila kuthibitisha kama anwani ni zake. Kwa anwani ya kawaida unaweza kuvumilia. Kwa seva ya DNS ya nchi, hapana.

Wapo watoa huduma wa juu wanaosema “sisi tunasoma RADB tu”. Waulize tena. RADB hunakili madaftari mengine, pamoja na la AFRINIC, na mara nyingi msemaji hajui hilo.

RPKI imeshakuja. Daftari la nini tena?

RPKI inafanya jambo lile lile kwa vyeti vyenye saini ya kidijitali. Unatengeneza ROA: fungu hili, AS hii, urefu wa mwisho huu. Kwa kuwa saini inaanzia kwa aliyegawa anwani, mlaghai hawezi kuitengeneza kwa kulipa ada. Msingi wake uliwekwa kwenye RFC 6480 mwaka 2012, na namna ruta inavyoitumia ikafuata mwaka mmoja baadaye kwenye RFC 6811. Kama utafanya jambo moja tu mwezi huu, tengeneza ROA.

Lakini ROA inajibu swali moja: AS ya mwanzo ni sahihi? Haisemi nani ni mteja wa nani. Mtoa huduma wa juu anapotaka kujua ninyi na wateja wenu mnaruhusiwa kutangaza nini, bado anakwenda kwenye daftari la njia kusoma AS-SET yenu, yaani orodha ya AS zenu na za wateja wenu. Tukio la MainOne lisingekamatwa na RPKI, maana AS ya mwanzo ilibaki ya Google. Kuna kazi inayoendelea ya kuweka saini kwenye uhusiano wa mteja na mtoa huduma. Mpaka ikomae, tunahitaji vyote viwili.

Onyo juu ya urefu wa mwisho. Ukitangaza /22 na ukaandika kwenye ROA kwamba hadi /24 inaruhusiwa “kwa ajili ya baadaye”, umemfungulia mtu dirisha: atatangaza /24 yako huku akijifanya AS yako iko nyuma yake, na RPKI itampitisha. RFC 9319 ya mwaka 2022 inasema wazi kwamba uandike kile unachotangaza tu. Kwa fungu la seva za DNS mimi sikubali mjadala hapa.

Anwani za ndani ya kituo cha kubadilishana trafiki ziandikishwe pia?

Hizi zinakwenda kinyume na zote. Fungu la mtandao wa pamoja wa kituo halipaswi kuonekana kwenye intaneti ya dunia; kazi yake ni ruta za wanachama kuonana ndani ya chumba kile. Likionekana nje linaweza kushambuliwa kutoka nje. Machi 2013, katika shambulio kubwa lililoanza kwa kuilenga Spamhaus, shirika linalopambana na barua pepe taka, washambuliaji walielekeza mafuriko kwenye anwani za namna hiyo za kituo cha London, LINX, na wanachama wasiohusika wakayumba.

Kwa vituo vingi inafaa kutengeneza ROA yenye AS0, inayomaanisha kwamba fungu hili lisitangazwe na AS yoyote. Na mwanachama, kwenye ruta yake, akatae tangazo lolote la fungu hilo au kipande chake, kutoka kwa jirani yeyote. Fundi mmoja akikosea na kumpa mtoa huduma wake wa juu njia ya kituo, trafiki ya majirani inaweza kuanza kupita kwake kwa mzunguko wa Ulaya. Mjue anayetunza kituo chenu, mwulize kama ROA ipo.

Nakala ya seva ya mzizi iko kituoni kwetu. Nichuje vipi bila kuizuia?

Hongereni. Nakala za seva za mzizi ziko zaidi ya 1,500 duniani, zote zikitumia anwani zile zile, na kila ruta inakwenda kwenye iliyo karibu. Mwaka 2022 ICANN ilitangaza kuiweka Kenya kundi la seva zake za mzizi L, la kwanza la aina yake Afrika.

Ruhusu fungu kamili na AS kamili kama vilivyo kwenye daftari na ROA. Kwa K ni 193.0.14.0/24 kutoka AS25152. Kwa F ni 192.5.5.0/24 kutoka AS3557. Kwa M ni 202.12.27.0/24 kutoka AS7500. Usiruhusu kipande kidogo zaidi ya hapo. Nimezitaja uone mfano, si unakili: umeshasoma kisa cha orodha za mkono.

Sehemu ngumu ni kuzuia isivuje. Nakala nyingi za kituoni zimekusudiwa kuhudumia wenyeji, na tangazo lake halipaswi kwenda mbali. Novemba 2021 tangazo la nakala ya K iliyoko Guangzhou lilitoka nje ya China, na maswali ya watu wa mbali hadi Meksiko yakafika huko, ambako majibu ya baadhi ya majina hubadilishwa njiani. AS ya mwanzo ilikuwa sahihi, fungu lilikuwa sahihi, ROA ingepita. Kilichokosekana ni uaminifu wa waliolipokea kutolitoa nje. Kwa hiyo njia uliyoisikia kituoni usimpe mtoa huduma wako wa juu, labda iwe ya mteja wako. Ruta za kisasa zina msaada kwenye RFC 9234, ambapo unazitambulisha kwa majukumu, nani mteja, nani mwenza, nani wa juu, nazo zinakataa uvujaji zenyewe.

Mimi si seva ya mzizi. Ni benki tu yenye /22. Inanihusu nini?

Uliza Amazon. Tarehe 24 Aprili 2018 mtu alitangaza vipande vya /24 vya anwani za seva zake za DNS, Route 53, kupitia mtandao wa eNet wa Ohio. Amazon ilikuwa ikitangaza /23, kwa hiyo /24 zikashinda kwa waliozipokea. Kwa muda wa kama saa mbili, waliouliza anwani ya MyEtherWallet, tovuti ya pochi za sarafu za kidijitali, walijibiwa na seva ya mwizi, wakapelekwa kwenye tovuti ya kughushi. Kivinjari kilionya kwamba cheti ni kibaya. Waliobonyeza “endelea” walipoteza fedha zao.

Zingatia kwamba mwizi hakugusa tovuti. Alishika DNS. Kwenye /22 yako yote, kipande kinachostahili usingizi wako ni kile chenye seva za DNS. Kitangaze kama /24, kwa kuwa ndiyo ndogo kabisa inayopokewa karibu kila mahali, ili asipatikane wa kukushinda kwa udogo. Kiandikishe peke yake, kitengenezee ROA peke yake. Na seva ya pili ya DNS iwe kwenye fungu tofauti, kwa AS tofauti, ikiwezekana kwa mtoa huduma tofauti. Nimeona taasisi yenye seva mbili za DNS kwenye swichi moja, zikichomekwa soketi moja ya umeme, lakini tuyaache hayo.

Kichujio kinatengenezwaje kwa vitendo?

Wengi wetu tunatumia programu ya bgpq4. Mfano:

bgpq4 -4 -A -S AFRINIC,RIPE,RADB -l WATEJA AS64496:AS-WATEJA

Inasoma madaftari uliyoyataja na kukutolea orodha iliyo tayari kwa ruta. Iendeshe kila usiku kwa skripti, linganisha na ya jana, halafu ndiyo uipeleke kwenye ruta. Ukimaliza IPv4, rudia na -6.

Weka breki. Siku daftari lisipojibu, orodha itarudi tupu, na kuna ruta ambazo orodha ikikosekana zinaruhusu kila kitu, na nyingine zinakataa kila kitu. Vyote viwili vitakuamsha. Mimi nimeweka sheria rahisi: orodha mpya ikiwa na upungufu wa zaidi ya robo ukilinganisha na ya jana, skripti isimame na kunitumia ujumbe. Pia weka kikomo cha idadi ya njia kwa kila jirani. Tarehe 24 Juni 2019 kampuni ya chuma ya Pennsylvania iliipa Verizon maelfu ya njia za dunia, Verizon ikazimeza, na sehemu ya trafiki ya Cloudflare na Amazon ikapotea kwa saa kadhaa. Kikomo cha namba moja tu kingekata mawasiliano mapema.

AS-SET yangu nimeipa jina AS-WATEJA. Kuna ubaya?

Upo. Jina kama hilo mtu mwingine anaweza kulisajili kwenye daftari jingine, na kichujio cha mtoa huduma wa juu kikasoma la kwake. Anza na namba yako ya AS, kama kwenye mfano hapo juu: AS64496:AS-WATEJA. Hapo madaftari yanayothibitisha hayamruhusu mwingine kulisajili. Na usiweke ndani yake AS-SET ya mtoa huduma wako wa juu. Nimekutana na mtandao wa wateja sita ambao orodha yake ilipanuka ikawa nusu ya dunia kwa kosa hilo moja.

AFRINIC imekuwa na kesi na kashfa. Niliamini daftari lake?

Haki yako kuuliza. Ripoti yake yenyewe ya Januari 2021 ilikiri kwamba anwani zaidi ya milioni 4 za IPv4 zilichukuliwa isivyo halali au rekodi zake kuchezewa, na mwaka 2023 mahakama ya Mauritius iliiweka chini ya msimamizi. Kwa fundi maana yake ni moja: kagua rekodi zako mwenyewe, usingoje barua. Angalia fungu lako kwenye whois mara moja kila robo mwaka, ona kama jina, anwani ya barua pepe na mnt-by bado ni zako. Wezi wa wakati ule walipenda zaidi mafungu ya zamani ambayo wenyewe walikuwa wamesahau kuwa wanayo.

Mteja akiondoka na anwani zake, rekodi nifanyeje?

Ifute siku ile ile anayokata waya, ukishahakikisha amekwisha andika mpya yenye AS anakokwenda. ROA nayo vivyo hivyo: ile ya AS yako iondoke, ya kwake mpya iwe imeshaonekana. Akiwa anahamia kwa mshindani wako, utashawishika kuiacha ikae mwezi mmoja “asije akapata shida”. Ifutwe. Halafu mtoe kwenye AS-SET, endesha skripti kwa mkono badala ya kungoja usiku, na uangalie fungu lake limetoka kweli kwenye orodha ya ruta ya pembeni, ile ambayo huwa tunasahau kuisasisha.